Tundu la Pili Kwenye Paa la Kitsa

Beni, 12 Februari 2025

Mama Séphora, shemeji yangu,

Vagheni ameniambia wewe na mtoto mko wazima, kwa hiyo salamu tumezimaliza. Ameniambia na jingine. Alipopitisha lori lake mbele ya boulangerie, duka la mikate la marehemu ndugu yangu, aliona matofali yanashushwa, na fundi mzee Syauswa anakanyaga udongo. Nikamuuliza matofali ya nini. Akanijibu: "Mama iko najenga furu ya kuni." Nilicheka pale parking mpaka watu wakageuka. Halafu kicheko kikaniisha.

Tanuri la kuni! Kitsa ndiye aliyeutoa mkate wa mtaa ule kwenye masizi. Lile tanuri la mazutu, la kuwaka kwa dizeli, tulilitoa mpakani Kasindi mimi na yeye, nimelikalia mgongoni njia nzima kama mtu anayechunga ng'ombe wake. Tulilishusha kwa kamba kutoka juu, kuta zikiwa zimesimama peke yake, tukitazama juu ya vichwa hakuna kitu ila mawingu. Ndipo Kitsa akaezeka. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Amekufa Novemba, kaburi lake halijapata hata simenti, na wewe tayari unapakua kuni mlangoni pake. Unataka watu waseme nini? Watasema Kitsa ameondoka na mke wake amerudi kwenye mafiga.

Nakupigia, hupokei. Mimi ni mkubwa wa marehemu, si mtoto wa kuchezewa simu. Nieleze.

Manassé


Butembo, 15 Februari 2025

Shemeji Manassé,

Simu sikuipokea kwa makusudi. Kwenye simu unafoka mpaka wateja walio kwenye mstari wanasikia jinsi ninavyotukanwa na shemeji yangu. Kuanzia leo uandike. Mwenye kalamu mkononi analazimika kupumua kidogo kati ya neno na neno. Vagheni atapeleka na ataleta, nimeshapatana naye kwa mikate.

Unataka kuelezwa. Tangu tumzike Kitsa, tanuri lako zuri la Kasindi limelala baridi kuliko lilivyowaka. Wewe ndiwe unayeuza mazutu huko Beni, na wewe ndiwe uliyeniambia mbele ya watu, "Usinunue kwa mwingine, mimi niko." Nikakubali. Sasa mapipa yanakuja siku unayokumbuka. Mara barabara imefungwa, mara msafara wa magari haujaondoka, mara wenye kakao walikuwa na haraka ukawapa wao kwanza. Sijui lipi ni kweli na nimeacha kuuliza. Ninachojua ni unga. Unga ukishatiwa hamira hausubiri msafara. Unaumuka, unashuka, unachacha, nawamwagia nguruwe wa jirani. Wale nguruwe wamenona vizuri sana, asante. Wateja ndio wanaokonda na kwenda kununua mahali pengine.

Hapa Butembo ukifungua dirisha unaona mikaratusi, kilima kwa kilima. Tanuri la mazutu silitoi. Litabaki palepale, la kuni nalijenga pembeni yake, kwenye ukuta wa nyuma. Mazutu yakifika nitawasha lile, yasipofika nitawasha hili. Tusi liko wapi hapo?

Na mafiga unayoyadharau, ndiyo niliyokupikia siku mlipokuja kwetu wewe na wazee kuniposa kwa niaba ya Kitsa. Uliomba kuongezewa.

Godelive


Beni, 3 Machi 2025

Mama Séphora,

Una ulimi. Kitsa alikuwa anauvumilia, mimi sina deni la kuuvumilia.

Nimeketi na wazee wa ukoo hapa Beni. Kwa kuwa umeshajenga bila kuuliza, jenga umalize. Mais, lakini kuna jambo moja ambalo silo la kujadiliana. Paa lisiguswe. Kwetu, paa la marehemu halitobolewi mpaka kilio chake kiondolewe na maombolezo yafungwe rasmi. Hata msumari. Mabati yale ndiyo yanayomfunika bado. Fundi wako asifungue tundu la pili kwa ajili ya bomba la kuni zako. Bomba la tanuri la mazutu ni pana, la chuma kizito, linatosha. Aunganishe la kuni humo humo, moshi wote upite njia moja.

Siku ya kuondoa kilio nitaitangaza mimi. Mvua hii na barabara hii haziruhusu kwa sasa. Siku hiyo ukoo utaketi na kuamua nani ashike boulangerie. Ariel wangu amemaliza masomo na anakaa bure nyumbani, nadhani unanielewa. Mpaka siku hiyo wewe ni mlinzi wa vitu vya Kitsa, si mwenyewe. Donc, basi, ulinde.

Manassé


Butembo, 20 Machi 2025

Shemeji,

Mlinzi! Mlinzi gani anayeamka kabla ya jogoo kukanda unga? Kitsa, Mungu amlaze pema, alijua mashine na alijua kucheka na watu. Kupima chumvi hakujua mpaka amekufa. Mkate ule ni mikono yangu. Ariel wako nilimwona Noeli, aliniuliza hamira inapandwa wapi.

Habari ya paa nimeiuliza kwa mama wakubwa wa upande wenu walio hapa parokiani. Wa kwanza alisema ndiyo, alisikia hivyo kwa bibi yake. Wa pili alisema hajawahi kusikia. Wa tatu alisema ni kaburi, si paa. Nikaona kila mmoja ana desturi yake mfukoni.

Lakini nimetii. Sikia vizuri, Manassé, nimetii. Mzee Syauswa alinung'unika, na mimi mwenyewe moyo haukupenda, lakini nilimwambia ni amri ya ukoo. Ameweka kiwiko cha bati, bomba la kuni limeingia kwenye bomba la mazutu, na juu kuna tundu lile lile moja la Kitsa. Sitaki siku ya kilio msimame mbele ya watu mseme mjane alimvua marehemu nguo.

Tumeshawasha kuni peke yake. Moshi unavuta vizuri, mkate unatoka na tumbo la kahawia, wateja wanasema unanukia nyumbani kwa mama zao. Sasa parokia imeagiza mikate ya Pasaka, mingi kuliko tanuri moja linavyoweza. Jumamosi kuu nitawasha yote mawili kwa pamoja. Naomba mazutu yafike kwa wakati, safari hii tu. Na ninyi nitawapakilia kapu lenu kwa Vagheni, kama Kitsa alivyokuwa anafanya kila Pasaka.

Godelive


Beni, 22 Aprili 2025

Mama Séphora,

Mazutu yalifika kwa wakati au hayakufika? Yalifika. Nilimwachia mnunuzi mwingine akaondoka na hasira, ili wewe uoke mikate ya padri wako.

Jumapili ya Pasaka tuliketi mezani, Hulda amepika kuku, tunangoja kapu. Vagheni akaja jioni mikono mitupu. Namuuliza mkate wa ndugu yangu uko wapi, hanitazami usoni. Anasema, "Papa, uulize mama yeye mwenyewe." Ndiyo shukrani yako? Kitsa hakukosa Pasaka hata moja, hata mwaka ule wa risasi barabarani alituma. Yeye amekwenda, na wewe umeona familia ya Beni haina maana tena.

Umeota mapembe, shemeji. Umepata tanuri lako la udongo na unadhani hutuhitaji. Nimewaambia wazee. Ariel atakuja mwisho wa mwezi kuangalia mambo yanavyokwenda, umwonyeshe kila kitu.

Manassé


Butembo, 25 Aprili 2025

Manassé,

Vagheni hakukutazama usoni kwa sababu alikuwa ametoka kumbeba Séphora mikononi.

Nitakuandikia yote, na wewe usome hata kama unasimama. Jumamosi kuu mchana mvua ilinyesha ile ya kumwagwa. Walio ndani walifunga mlango na madirisha ili unga usipate baridi. Matanuri yote mawili yalikuwa yanawaka. Mimi nilikuwa nimekimbia parokiani kuuliza habari ya vikapu. Ndani alibaki Séphora na Kakule, yule anayenisaidia kukanda. Ninayokuambia ameyasema Kakule: "Mama, minasikia kichwa inazunguka, nikazani ni njaa ya kufunga. Nikaona Séphora anaikala chini mu bunga, iko nacheka-cheka. Nikamuambia, we mutoto, simama. Hapana jibu." Miguu ya Kakule mwenyewe ilikataa. Alitambaa mpaka mlangoni, akausukuma kwa bega, akaanguka nje kwenye matope akitapika.

Ndipo Vagheni alikuwa anafika. Alikuwa anakuja kuchukua kapu lenu. Alifunga kitambaa mdomoni akaingia, akamtoa mwanangu, mweupe mwili mzima kwa unga, akampeleka hospitalini kwenye kiti cha lori huku anapiga honi. Mimi nilikuta milango wazi na mikate inaungua.

Sasa kila mtu ananieleza, baada ya jambo kutokea. Tanuri la mazutu lina bruleur, kile kichomeo chake, inayopuliza kwa nguvu. Moshi wake ulipanda, ukakuta kiwiko, ukashuka kwenye tanuri la kuni na kutokea mdomoni mwake, pale Séphora alipokuwa anasimama. Mioto miwili, njia moja. Ule mwenye nguvu unaurudisha mwingine ndani, pamoja na sumu ya makaa ambayo haina rangi wala harufu.

Alifungua macho Jumapili. Unajua alichoniuliza? "Mama, papa ameisha kurudi ku Kasindi?" Nilifikiri anaota. Kesho yake akauliza tena. Nikamshika mikono nikamwambia baba yako amekufa, mwanangu, Novemba. Alilia kama siku ile, kilio kile kile, cha mtu anayesikia mara ya kwanza. Akalala. Alipoamka akaniuliza baba yuko wapi. Nimemwambia Kitsa amekufa zaidi ya mara moja, Manassé, na kila mara alikuwa amekufa leo. Wewe unajua ni kitu gani kumtangazia mtoto mmoja kifo kimoja kila asubuhi? Hujui. Wewe ulikuwa unangoja mkate.

Sasa kumbukumbu zinarudi polepole. Bado anaita chumvi sukari, anasimama katikati ya chumba asijue alichofuata. Daktari anasema tungoje.

Samahani kwa meza yenu ya Pasaka.

Godelive


Beni, 30 Aprili 2025

Mama Séphora,

Nimesoma. Sikulala. Séphora ni mtoto wangu kama Ariel, nilimbeba akiwa na wiki moja, usiniandikie kama unamwandikia askari wa kizuizi cha barabarani. Namshukuru Mungu ambaye hakumchukua.

Mais tuseme ukweli wote. Syauswa ni mzee, macho yamekwisha, bila shaka kiwiko alikiunga vibaya. Ungechukua fundi wa hapa Beni ningekupatia. Na wazee wanasema jambo jingine, silitungi mimi: kitu kinachoanzishwa katikati ya kilio hakikosi kuleta machozi. Ulikuwa na haraka ya nini? Ungengoja.

Zima tanuri la kuni kabisa. Namtumia mtoto mafuta ya mawese na ndizi, na mazutu yako yako njiani. Nasikia una hasira, usiende kuharibu paa kwa hasira hiyo. Ariel nimemzuia kwanza.

Manassé


Beni, 9 Mei 2025

Godelive mwenzangu,

Bwana asifiwe, hata katika hili. Mimi Hulda. Sijakuandikia tangu tulipoolewa kwa hawa ndugu wawili, utashangaa, lakini nimesikia umekataa simu nikasema na mimi nitashika kalamu.

Nimelia mpaka Ariel akaniuliza kama kuna msiba mwingine. Hizi ndizi nimezichagua mimi, za chini zimeiva, anza nazo. Mafuta ni ya dada yangu wa Oicha, si ya soko. Mwambie Séphora mama mukubwa anamuombea kila ibada ya asubuhi, kanisa zima linamjua kwa jina sasa.

Lakini kuna kitu kinanisumbua na sina wa kumuuliza hapa. Ilikuwaje mkatumia bomba moja? Sisi tanuri letu la kukaushia kakao ni hivyo hivyo, lina upande wa mazutu na upande wa kuni, na juu ya nyumba tuna mabomba mawili, ukija utayaona kutoka barabarani kama pembe za mbuzi. Mwanzo lilikuwa moja. Mlinzi wetu alianguka humo ndani, tukammwagia maji, akapona. Siku ile ile Baba Ariel akasema, "Moto mbili mu bomba moja, hapana tena kwangu." Alisema kwa sauti ile yake, mtaa ulisikia.

Na aliyepanda kutoboa tundu la pili ni Kitsa wako! Hukumbuki? Alikuja kwa kilio cha baba mkwe, akabaki baada ya mazishi kutusaidia. Ile ni nyumba ya mzee mwenyewe, kilio hakijaondolewa, kiti chake bado tumekigeuzia ukutani. Kitsa akapanda na ule mkasi wake wa bati. Akiwa kule juu akasema, "Baba alikuwa anapenda hewa." Tulicheka sote na nguo zetu nyeusi, na Baba Ariel alicheka zaidi.

Nilifikiri Baba Ariel amekuambia haya yote. Kama hakukuambia, muulize. Barua hii usimwonyeshe. Au mwonyeshe tu, mimi nimechoka.

Wasingya, asante kwa mikate ya miaka yote.

Hulda


Butembo, 15 Mei 2025

Manassé,

"Baba alikuwa anapenda hewa."

Unayakumbuka maneno hayo? Ulicheka. Nimepata habari kwamba ulicheka zaidi ya wote.

Leo asubuhi nimepanda juu ya paa la mume wangu. Nimefunga kitenge changu cheusi kiunoni, nimechukua mkasi wa bati ambao Kitsa aliuning'iniza ukutani kwa mkono wake, nimechora duara kwa mkaa, nimekata. Mzee Syauswa alitaka kupanda yeye, nikamkatalia. Séphora alinishikia ngazi. Majirani walitoka kuangalia, mwingine akapiga alama ya msalaba. Bati lilipiga kelele mbaya lilipokatika, halafu jua likaingia mle ndani na kuanguka sakafuni, mahali ambapo mwanangu alianguka. Hakuna aliyekufa. Wewe mwenyewe unajua hakuna anayekufa kwa tundu la paa.

Kama ungekuwa hujui ningekusamehe, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Ningesema shemeji yangu ni mtu wa mila, kichwa kigumu, basi. Lakini wewe ulijua. Ulishamwona mtu akianguka ndani ya nyumba yako kwa sababu hiyo hiyo. Ulitoboa paa la baba yako mzazi, kilio chake kikiwa hakijaondolewa, kwa sababu kakao yako ilikuwa mbichi. Halafu ukaketi, ukachukua karatasi, ukaniandikia mimi niunganishe.

Nimejiuliza kwa nini, siku nyingi, mikono yangu ikiwa kwenye unga. Sidhani ulitaka Séphora aanguke. Ulitaka tanuri langu lishindwe. Ulitaka litoe moshi, wateja wakohoe, nilivunje mwenyewe na kurudi kuinama mbele ya mapipa yako mpaka Ariel aje kuvaa aproni yangu. Mtoto hukumfikiria hata kidogo, kwa ubaya wala kwa wema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kama ungemchukia.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na padri. Misa ya kuondoa kilio cha Kitsa ni Jumamosi, tarehe 7 Juni. Sikuombi tarehe, nakupa tarehe. Siku hiyo nitavua nyeusi. Uje au usije.

Tanuri la kuni ni matofali yangu, udongo wangu, na tundu langu juu yake. Hilo ukoo hautaketi kuligawa. La mazutu lilitoka Kasindi na wewe umelikalia mgongoni, basi njoo ulikalie tena. Lichukue. Sitaliwasha tena mwanangu akiwa humu ndani.

Godelive


Beni, 27 Mei 2025

Mama Séphora,

Hulda anasema mengi. Nitaongea naye.

Habari ya nyumba ya baba ni tofauti kabisa. Kakao ya watu ilikuwa inaoza, na mimi ni mwana mkubwa, niliweza kujiruhusu. Mambo ya ukoo hayafananishwi hivyo na mtu aliyekuja kuolewa. Na tangu lini mwanamke anaondoa kilio cha ndugu yangu kwa kupatana na padri? Sitakuja kwenye misa hiyo, na wazee hawatakuja. Mtakula mikate yenu peke yenu.

Tanuri nalichukua. Umesema mwenyewe, usije ukageuka. Ariel atafungua boulangerie hapa Beni, na jina la Kitsa litaandikwa mlangoni pake. Lori litafika Jumanne ijayo na wapakiaji wenye nguvu. Usiguse bolti hata moja kabla hawajafika. Na paa lisiguswe tena hata kidogo. Tundu moja ulilotoboa linatosha aibu yetu. Nikisikia bati jingine limeinuliwa kabla mimi sijaondoa kilio, nitakuja na wazee na polisi.

Manassé


Butembo, 4 Juni 2025

Shemeji Manassé,

Lori lako limerudi tupu. Usimgombeze dereva, hana kosa.

Wapakiaji wako ni vijana wazuri. Nimewapa chai na mkate wa kuni, wamekula wakaomba mwingine. Halafu wakavua mashati, wakalizunguka lile tanuri, wakasukuma, wakapiga kelele za kuhesabu, likasogea mpaka mlangoni. Hapo wakasimama. Mmoja akapima mlango kwa kamba, akapima tanuri, akapima mlango tena kama vile ungekuwa umekua. Wakajaribu kuligeuza ubavu. Wakaangalia dirisha. Wakagonga ukuta, mzee Syauswa akawaambia ukuta ule ndio unaobeba mbao zote za juu. Mwisho yule mkubwa wao akanigeukia, jasho linamtoka, akaniuliza: "Mais mama, hii kitu iliingiaka namna gani?"

Nilicheka, Manassé. Mara ya kwanza tangu Novemba. Nilicheka mpaka nikashika meza, na Séphora akaanza kucheka, na Kakule, na wale vijana wakacheka bila kujua sababu. Nikamwambia, "Muulize patron yenu. Yeye anajua muzuri."

Kwa sababu umesahau, na ni wewe mwenyewe uliyeniandikia. Kuta zimesimama peke yake, juu ya vichwa hakuna kitu ila mawingu, mnashusha kwa kamba. Ndipo Kitsa akaezeka. Lile tanuri halikupita mlango wowote, shemeji. Liliingia kabla ya paa. Haliwezi kutoka ila juu, na si kwa tundu kama langu la upana wa sufuria. Lazima yaondolewe mabati yote yaliyo juu yake, upande mzima, msumari kwa msumari, yale mabati unayosema bado yanamfunika ndugu yako.

Walikupigia mbele yangu. Ukasema wangoje kidogo. Halafu simu ikawa haipatikani mpaka jioni. Na mimi nilikuwa nafikiri ni mimi tu ninayejua kuzima simu.

Séphora leo hakuuliza baba yuko wapi. Alikuwa anafuta tanuri vumbi, lilipobaki limeziba nusu ya mlango, akasema peke yake, "Papa angecheka sana." Alisema angecheka. Anajua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikarudi kwenye unga.

Sasa chaguo ni lako. Ukitaka tanuri, fungua paa. Ukitaka paa lisiguswe, tanuri linabaki, tutaliwekea makapu juu, na hutaniambia tena neno kuhusu tundu langu. Misa ni Jumamosi asubuhi. Sitagusa bati lolote, kama ulivyoniamuru, na polisi uliowataja wanaweza kuja kuhakikisha na wakala mkate. Unaweza kuja na wazee wote wa Beni wakuangalie unavyofanya.

Ngazi iko palepale ukutani. Mkasi wa Kitsa nimeunoa. Panda, shemeji. Nitakushikia ngazi.

Godelive